Wasimamizi wa Utafiti Katika Ufuko wa Uvira

Enzi za ukoloni, kituo cha Uvira cha haidrobiolojia, yaani sayansi ya maisha ya majini, kilichokuwa chini ya IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947, kilikuwa na Ziwa Tanganyika mlangoni bila mamlaka ya kutunuku shahada, na Lovanium, chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1954, kilikuwa Léopoldville, upande wa pili wa Kongo. Aliyetaka udaktari alilazimika kumtafuta msimamizi, mtaalamu anayeongoza tasnifu, mbali na samaki wake.

Hali hiyo ilibadilika wataalamu wa Kijapani, akiwemo Hiroya Kawanabe wa Chuo Kikuu cha Kyoto, walipoanza kupiga mbizi pamoja na watafiti wa Kikongo. Msimamizi aliyeshuka majini, hata kama ofisi yake ilikuwa Kyoto, pengine alifaa kuliko yule wa karibu asiyelowa. Katika ziwa hilo, kwa mfano, mtafiti wa Kijapani Michio Hori alichunguza Perissodus microlepis, samaki wanaokula magamba ya wenzao, ambao vinywa vyao hupinda kulia au kushoto, akachapisha matokeo mwaka 1993. Vita vilipofika Uvira Oktoba 1996, ushirikiano huo ulivurugika.