Kinga

Mtu wa Dar es Salaam akifika Kikula, komini ya mji wa Likasi huko Kongo, akaambiwa "kinga yangu imeharibika", atadhani ni habari ya chanjo. Sivyo. Kwa Kiswahili cha Katanga, kinga ni baiskeli. Neno halikutoka pwani. Ndugu zake wako jirani: incinga ya Wabemba, njinga ya Malawi. Lakini majina ya vipuri yalikuja na Kifaransa: sheni (cheni), kadre (fremu).

"Sheni iko inakula kadre," atalalamika mbeba makala, yaani mkaa. Nakipenda kitenzi hicho. Gurudumu la nyuma likikaa upande, cheni haifuati mstari mmoja kati ya meno ya mbele na ya nyuma. Husugua bomba la fremu hadi likachimbika. Fundi hulegeza nati za ekseli, hurudisha gurudumu katikati, kisha hukaza pande zote mbili kwa zamu. Kazi ni pale ekseli inapokaa: pakishalika, gurudumu huhama tena kwa kila jiwe, na hapo huitwa mchomeleaji. Wanaorukia mawe kwa baiskeli za mashindano huko Ulaya wana kilio hichohicho cha cheni kula fremu, ila wao hawabebi magunia.