Ripoti ya Mkaguzi na Fungu la Shule

Ndugu wanachama na marafiki wa kijiji chetu, kabla ya ukurasa wa michango tunaomba tukumbushane historia kidogo. Mwaka huu tunachangia shule, na ni vizuri tujue Serikali imezifuatiliaje shule zilizo nyuma.

Enzi za mkoloni shule ziligawanywa: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila kundi na fungu lake. Mgawanyo huo ulifutwa Januari 1962. Novemba 1974 Azimio la Musoma likataka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Wazee wetu walijitolea nguvu zao kujenga madarasa, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu ili kuziba pengo. Sheria ya Elimu ya 1978 ikampa mkaguzi mamlaka ya kuingia shuleni, kukagua na kuandika ripoti.

Hata hivyo, anayeandika ripoti siye anayeshika fungu. Wakaguzi, ambao leo tunawaita wathibiti ubora wa shule, wako chini ya Wizara ya Elimu, ilhali shule za umma zinaendeshwa na halmashauri chini ya TAMISEMI. Upungufu wa vyoo unaweza kuandikwa leo na ukaandikwa tena ukaguzi unaofuata.

MMEM ya mwaka 2002 ilileta ruzuku kwa kila mwanafunzi, na kamati za shule zikatakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 za vitabu hubaki juu, 6,000 hupelekwa shuleni. Tupige hesabu. Shule ya watoto 1,000 hupata 500,000 kwa mwezi. Shule ya watoto 200 hupata 100,000, nayo ina paa la kukarabati, chaki za kununua na mitihani ya kuchapa. Mgawo ni sawa kwa kila kichwa, lakini mahitaji hayako sawa.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri, kabla ya matokeo hayo kupangwa upya. Nchi nzima ilishtuka. Chini ya Matokeo Makubwa Sasa, shule zikaanza kupangwa kwa rangi: kijani, njano na nyekundu. Rangi nyekundu ilimwonyesha kila mtu shule iliyo nyuma, lakini rangi peke yake haileti mwalimu wala dawati.

Sisi nasi tuna la kujibu. Kwa miaka mingi michango yetu imekwenda shule ya zamani iliyo kando ya barabara, kwa kuwa ndiko wengi wetu tulikosoma na ndiko wageni wetu hufika kwa gari. Shule shikizi ng'ambo ya mto haikupata hata bati moja kutoka kwetu. Tuliilaumu Serikali kwa kutogawa sawa, kumbe daftari letu wenyewe linasema hivyo hivyo.

Kwa hiyo mwaka huu tumekubaliana mambo matatu. Kwanza, kamati yetu itaomba kusoma ripoti ya wathibiti ubora kabla ya kupanga matumizi. Pili, fedha zitaanzia kwenye shule yenye upungufu mkubwa zaidi, hata kama hakuna kati yetu aliyesoma pale. Tatu, kila shilingi itabandikwa kwenye ubao wa shule na kuchapishwa katika kijitabu cha mwakani.

Wazee wetu walibeba mawe kichwani ili watoto wa wote wasome. Ndugu, ukifungua ukurasa wa ahadi, mkumbuke mtoto wa ng'ambo ya mto. Haba na haba hujaza kibaba.