Kisarawe na Kibaha: Nchi ya Wazaramo kandokando ya jiji

KISARAWE na Kibaha ni wilaya mbili za Mkoa wa Pwani zinazopakana na Dar es Salaam kwa upande wa bara. Kibaha iko magharibi mwa jiji, umbali wa kilomita zipatazo 40 kwa Barabara ya Morogoro, na ndiko yaliko makao makuu ya mkoa. Kisarawe iko kusini-magharibi, na mji wake mkuu umejengwa juu ya vilima vya Pugu.

Wenyeji wa eneo hili kwa sehemu kubwa ni Wazaramo, ambao nchi yao kwa jina la kale ni Uzaramo. Kwa upande wa Kibaha wanachanganyika na majirani zao Wakwere. Dar es Salaam nayo imejengwa juu ya ardhi ya Uzaramo, na historia ya wilaya hizi mbili haiwezi kutenganishwa na jiji hilo. Mipaka yake, mazao yake na idadi ya watu wake vimebadilika kila mara kwa kufuata mahitaji ya mji ulio jirani.

Asili ya Wazaramo

Kwa mujibu wa masimulizi ya wazee, Wazaramo wana asili moja na Waluguru, na mababu zao waliteremka kutoka milima ya Uluguru wakafuata bonde la Mto Ruvu kuelekea pwani. Uhusiano huo haukukatika. Kwa vizazi vingi wajumbe kutoka Uzaramo walikwenda Uluguru kwenye mzimu wa Kolelo kuomba mvua na mavuno mema.

Wazaramo hawakuwa na mtemi mmoja. Kila eneo lilikuwa na kiongozi wake, na cheo kilichoheshimika zaidi kilikuwa cha pazi. Masimulizi ya pwani yanamtaja Pazi Kilama, aliyewasaidia Washomvi wa Mzizima na vijiji jirani kuwafukuza Wakamba waliokuwa wakiwashambulia. Baada ya ushindi huo watu wa pwani walikubali kumlipa ushuru wa kila mwaka uliojulikana kama kanda la Pazi. Katika enzi hizo, basi, pwani ndiyo iliyoilipa bara kwa ajili ya usalama wake.

Wageni waliopita Uzaramo walilazimika kuzitambua mamlaka hizo. Mwaka 1845 afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Eugène Maizan, aliuawa huko Dege la Mhora, na aliyetajwa kuhusika ni Pazi Mazungera. Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Speke walipita katika nchi hiyo wakielekea maziwa makuu, na Burton aliandika kwa urefu habari za Wazaramo.

Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima. Mji huo ndio Dar es Salaam.

Utawala wa Wajerumani

Wajerumani walipohamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam mwaka 1891, Uzaramo iligeuka kuwa kiunga cha mji mkuu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892, kisha Maneromango mwaka 1895. Kabla yao, Wabenediktini wa Kikatoliki walikuwa wamefungua misheni Pugu mwaka 1888, nayo ikateketezwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Pamoja na juhudi hizo, wakazi wengi walifuata Uislamu, dini ambayo hadi leo ndiyo ya walio wengi katika eneo hilo.

Serikali ya Wajerumani iliwatumia maakida na majumbe kukusanya kodi na kusimamia kazi za lazima. Mwaka 1902 ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja, na Wilaya ya Dar es Salaam, iliyohusisha Uzaramo, ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kujaribiwa. Malipo yalikuwa madogo mno kiasi kwamba baadhi ya wakulima waliyakataa. Vita vya Maji Maji vilipoanza Umatumbi Julai 1905, havikuchukua muda mrefu kufika Uzaramo, ambako habari za dawa ya maji ziliambatana na jina la Kolelo. Kwa kuwa maasi hayo yalikuwa karibu na mji mkuu, yalizimwa kwa haraka.

Mwaka huohuo wa 1905 ndipo ulipoanza ujenzi wa Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Njia hiyo ilipita Pugu, Soga na Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907. Vituo vya reli vilivutia wafanyabiashara, na mazao ya Uzaramo yakapata njia ya kwenda sokoni.

Utawala wa Waingereza

Waingereza walipoanzisha utawala wa kupitia wenyeji katika miaka ya 1920, walipata shida Uzaramo kwa sababu hapakuwa na mtawala mmoja wa kumkabidhi madaraka. Walibaki kutegemea viongozi walioteuliwa na serikali, ambao mara nyingi hawakuwa na mizizi ya kimila. Mji wa Kisarawe ulikuja kuwa makao ya wilaya iliyozunguka Dar es Salaam.

Katika elimu, misheni ya Kianglikana ilihamishia Minaki, karibu na Kisarawe, chuo chake kilichokuwa Kiungani, Zanzibar. Uhamisho huo ulifanyika mwaka 1925, na Chuo cha Mtakatifu Andrea kilisomesha vijana kutoka pande mbalimbali za Tanganyika. Leo ni Shule ya Sekondari Minaki.

Vijana wengi wa Kizaramo wakati huo walikuwa wakihamia mjini kutafuta vibarua. Mwaka 1938 Wazaramo waishio Dar es Salaam waliunda chama chao, ambacho kilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya kikabila mjini humo. Chama hicho kilitokana na hofu kwamba wenyeji walikuwa wakiachwa nyuma katika ardhi yao wenyewe.

Baada ya Uhuru

Vyeo vya kimila vya utawala vilifutwa kisheria mwaka 1963. Dar es Salaam ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Pwani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipotengwa kuwa mkoa unaojitegemea. Hatimaye Kibaha ikawa makao makuu ya Pwani.

Kukua kwa Kibaha kulitokana kwa kiasi kikubwa na mradi wa ushirikiano kati ya Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, ulioanza miaka ya mwanzo ya Uhuru. Mradi huo ulijenga shule ya sekondari, kituo cha afya kilichokuja kuwa Hospitali ya Tumbi, na chuo cha mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, na ndio msingi wa Shirika la Elimu Kibaha.

Kisarawe haikupata bahati kama hiyo. Operesheni ya vijiji ya miaka 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa, na baadhi ya familia ziliacha nyuma minazi, miembe na mikorosho yao. Reli ya Tazara, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, ilipita katikati ya wilaya kwa njia ya Mzenga, lakini barabara za ndani zilibaki za vumbi, na wakati wa masika nyingine hazikupitika.

Mgawanyo wa utawala

Hadi miaka ya 1990 Wilaya ya Kisarawe ilifika Bahari ya Hindi. Katika miaka hiyo sehemu yake ya mashariki ilikatwa na kuwa Wilaya ya Mkuranga, na Kisarawe ikabaki bila pwani.

Kisarawe ya sasa ina tarafa za Sungwi, Maneromango, Mzenga na Chole. Kwa upande wa Kibaha, wilaya moja ina halmashauri mbili. Ya kwanza ni ya eneo la mjini, inayohusisha maeneo kama Maili Moja, Tumbi na Kongowe. Ya pili ni Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, ambayo makao yake yako Mlandizi na ambayo inahusisha Ruvu, Soga, Kwala na Magindu.

Kama ilivyo mahali pengine nchini, mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, na halmashauri huundwa na madiwani wa kuchaguliwa pamoja na wa viti maalumu, chini ya mwenyekiti waliyemchagua wenyewe. Shughuli za kila siku za halmashauri husimamiwa na mkurugenzi mtendaji. Chini ya wilaya kuna tarafa, kata, vijiji na vitongoji, na katika maeneo ya mji kuna mitaa. Serikali za mitaa zilizofutwa mwaka 1972 zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982.

Idadi ya watu

Sensa ya mwaka 2002 iliihesabia Kisarawe watu 95,614. Miaka kumi baadaye, mwaka 2012, walikuwa 101,598, yaani ongezeko la asilimia sita tu kwa muongo mzima. Katika kipindi hicho hicho Dar es Salaam ilitoka watu milioni 2.5 hadi milioni 4.36. Vijana wa Kisarawe waliendelea kuhamia jijini, na vijiji vingi vikabaki na wazee na watoto.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha hali tofauti. Kisarawe ilikuwa na watu 159,226, ongezeko la zaidi ya nusu kwa miaka kumi. Kibaha ilikua kwa kasi kubwa zaidi. Wilaya nzima ilikuwa na watu 132,045 mwaka 2002, na mwaka 2012 halmashauri zake mbili zilikuwa na watu 198,697 kwa pamoja. Mwaka 2022 Mji wa Kibaha peke yake ulikuwa na watu zaidi ya 265,000. Mkoa wa Pwani kwa ujumla ulivuka watu milioni mbili.

Ongezeko hilo halitokani na uzazi peke yake. Wengi ni wafanyakazi na wafanyabiashara wa Dar es Salaam waliofuata viwanja vya bei nafuu. Hata hivyo takwimu za sensa haziwezi kuonyesha ni wangapi kati ya wakazi hao ni Wazaramo, kwa kuwa Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya mwaka 1967. Wenyeji wanaweza kuwa wachache katika kata fulani bila jambo hilo kuonekana katika kitabu chochote cha serikali.

Maji, misitu na ardhi

Dar es Salaam imetegemea wilaya hizi kwa mahitaji yake ya lazima. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi, wilayani Kibaha, ulijengwa mwaka 1959 na bado unalisha sehemu kubwa ya jiji. Mji wa Kisarawe, ulio juu ya kilima, ulikaa na shida ya maji kwa miaka mingi, hadi mwaka 2020 ulipozinduliwa mradi wa kuyapandisha kutoka Kibamba.

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilipungua kwa ukataji wa mkaa uliokuwa ukisafirishwa jijini. Leo misitu hiyo imeunganishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Suala zito zaidi ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliwapa wanakijiji, kupitia halmashauri na mkutano mkuu wa kijiji, madaraka juu ya ardhi yao. Lakini ardhi ya kijiji ikitolewa kwa mwekezaji wa kigeni hubadilishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla, na kijiji hupoteza madaraka hayo. Ndivyo ilivyotokea Kisarawe, ambako ardhi ya vijiji 11, zaidi ya hekta 8,000, ilikodishwa kwa miaka 99 kwa kampuni ya Uingereza iliyotaka kulima mibono kwa ajili ya mafuta ya mitambo. Mwaka 2011 shughuli zilisimama na mamia ya vibarua wakapoteza kazi. Kushindwa kwa mradi hakukuirudisha ardhi hiyo mikononi mwa vijiji.

Mashinikizo mapya yameongezeka. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 ina vituo Soga na Ruvu, na Bandari Kavu ya Kwala ilizinduliwa rasmi mwaka 2025. Shamba la mihogo lililokuwa halina mnunuzi miaka 20 iliyopita sasa linapimwa viwanja.

Mila na lugha

Katika desturi ya Wazaramo mtoto alihesabiwa katika ukoo wa mama yake, ingawa mafundisho ya Uislamu yaliimarisha urithi wa upande wa baba. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani kwa muda mrefu akifundwa, naye alitunza kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti. Vinyago hivyo sasa vimo katika makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani. Ngoma ya mkole, ya kumtoa mwali, bado huchezwa, na mdundiko umevuka mipaka ya Uzaramo.

Kizaramo chenyewe kimerudi nyuma. Ukaribu wake na Kiswahili na ujirani wa jiji vimefanya watoto wengi wazungumze Kiswahili tangu wakiwa wadogo, na wanaokisema kwa ufasaha wengi ni wazee wa vijiji vya ndani. Kwa wazee hao mipaka ya mashamba haimo katika hati. Imo katika majina ya miti, mito na makaburi, na majina hayo yako katika Kizaramo.