Asili ya neno si maana yake: kisa cha bonde lililofutwa jina

Februari 1960, Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ilifanyika kwenye bonde dogo katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California, Marekani. Kituo cha kuteleza kwenye theluji kilichokuwa hapo kilifunguliwa mwaka 1949 tu, lakini kikaupiku mji wa Innsbruck wa Austria kwa kura 32 dhidi ya 30. Baada ya michezo kikawa maarufu dunia nzima kwa jina lake: Squaw Valley.

Leo ukilitafuta jina hilo kwenye mabango yake hulikuti. Septemba 2021 wamiliki walilifuta na kukiita kituo Palisades Tahoe. Kwa nini mtu aache jina la biashara lililodumu zaidi ya miaka 70, tena lenye sifa ya Olimpiki? "Valley" ni bonde, halina tatizo. Tatizo ni hilo neno la kwanza, na ubishi wake una somo zuri kwa yeyote anayependa lugha.

Neno lilitoka wapi?

Wazungu walipoanza kuhamia pwani ya mashariki ya Marekani, walikuta wenyeji wanaozungumza lugha za familia ya Kialgonkiani. Katika mojawapo, Kimassachusett, "squa" lilimaanisha mwanamke. Basi, hakuna zaidi. Katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1622, miaka 2 baada ya meli ya Mayflower kufika, neno hilo linatumika hata kwenye cheo cha mwanamke aliyekuwa mtawala. Yaani mwanzoni lilikuwa neno la kawaida, na lilikaa vizuri tu kwenye cheo cha heshima.

Sasa angalia ramani. Kutoka Massachusetts hadi bonde letu la California ni takribani kilomita 4,000. Wenyeji wa eneo hilo ni Wawasho (Washoe), na lugha yao haina undugu na Kialgonkiani. Kwa hiyo neno hilo halikuwa lao. Lilifikaje huko? Lilibebwa na walowezi waliokuwa wakielekea magharibi. Walilichukua kwenye lugha moja, wakaligeuza kuwa la Kiingereza, kisha wakambandika kila mwanamke mwenyeji waliyemkuta njiani, awe wa kabila gani. Kuhusu bonde lenyewe, husimuliwa kwamba walowezi wa miaka ya 1850 walipofika walikuta wanawake na watoto tu, wanaume wakiwa wameenda kuwinda, ndipo wakalipa jina hilo.

Na safarini neno lilibadilika tabia. Mwanamke wa Kizungu hakuitwa hivyo. Aliyeitwa hivyo ni yule aliyeonekana wa kutumikishwa, wa kudharauliwa, wa kuchukuliwa bila kuulizwa. Miaka mia mbili na zaidi ya matumizi ya namna hiyo, unategemea neno libaki safi?

Pande mbili, kosa moja

Hapa ndipo kisa kinaponoga. Waliotaka jina libaki walisema: "Jamani, asili yake ni 'mwanamke' tu, tusi liko wapi?" Kuhusu asili walikuwa sahihi kabisa.

Upande wa pili, kuanzia miaka ya 1970, ikaenea hoja kwamba neno hilo limetokana na neno la Kimohawk linalotaja sehemu za siri za mwanamke. Mwaka 1992 hoja hiyo ikasikika hadi kwenye kipindi cha televisheni cha Oprah Winfrey, na watu wengi wakaiamini. Lakini mwanaisimu Ives Goddard, bingwa wa lugha za Kialgonkiani, alilichunguza jambo hilo na mwaka 1997 akaeleza kwamba haliwezi kuwa kweli. Kimohawk ni lugha ya familia nyingine kabisa, na maandishi ya zamani yanaonyesha wazi neno lilianzia Kimassachusett.

Je, hapo wapinzani wa jina walishindwa? Hapana. Ukitazama vizuri, pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana kimyakimya juu ya kitu kisicho sahihi: kwamba maana ya neno iko kwenye chimbuko lake. Mmoja anasema chimbuko ni safi, kwa hiyo neno ni safi. Mwingine anasema chimbuko ni chafu, kwa hiyo neno ni chafu. Lakini wazungumzaji hawatembei na kamusi ya karne ya 17 mfukoni. Maana ya neno hutengenezwa na matumizi: nani analisema, anamwambia nani, na kwa nia gani.

Sisi huku tunalijua hilo bila hata kwenda Marekani. Chukua neno "boi". Kwa Kiingereza ni mvulana, basi. Lakini enzi za ukoloni, mtu mzima mwenye mke na wajukuu aliitwa "boi" na kijana wa Kizungu aliyekuwa mdogo kuliko wanawe. Mtu akikuambia leo kwamba hilo si dharau kwa sababu kamusi imeandika "mvulana", utamwelewa? Wanawake wenyeji wa Marekani walikuwa wanasema hicho hicho. Hawakuhitaji etimolojia ya kubuni. Ushahidi wa yale waliyoitwa na jinsi walivyotendewa ulitosha.

Kilichofuata

Jimbo la Minnesota lilikuwa limeshatunga sheria ya kuliondoa neno hilo kwenye majina ya mahali tangu 1995. Novemba 2021, miezi miwili baada ya kituo kubadilisha jina, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani, Deb Haaland, mwenyeji wa kwanza kushika uwaziri katika serikali ya nchi hiyo, alitoa agizo la kuliondoa kwenye ardhi ya serikali kuu. Septemba 2022 majina mapya ya karibu sehemu 650 yakatangazwa. Kilele na kijito vya bonde letu sasa vinaitwa Washeshu, jina ambalo Wawasho wanajiita wenyewe.

Na "Tahoe" je? Hilo ni jina la ziwa kubwa la jirani, na linatokana na neno la Kiwasho, "da'aw", yaani ziwa. Kwa hiyo anayesema "Ziwa Tahoe" anasema "Ziwa Ziwa". Usicheke sana: Ziwa Nyasa letu ni hivyo hivyo, kwa sababu "nyasa" nalo maana yake ni ziwa. Jina Tahoe lenyewe halikupita kirahisi. Mwaka 1870 bunge la California liliamua kwa sheria kwamba ziwa liitwe Bigler, kwa heshima ya gavana wa zamani. Watu wakaendelea kusema Tahoe, na mwaka 1945 bunge hilohilo likaisalimu amri ya midomo yao.

Kwa hiyo wanaosema kubadilisha jina ni kufuta historia wanasahau kwamba jina la zamani nalo lilibandikwa juu ya mengine yaliyotangulia. Safari nyingine ukikuta ubishi wa jina la mtaa, shule au mlima, ulizia asili yake, inafurahisha na inafundisha. Ila usiishie hapo. Muulize pia anayeitwa kwa neno hilo limemfikiaje, na kutoka kinywani mwa nani.