Sisi ni wa ukoo wa nani? Hadithi za nasaba katika Maniema

Katika nyumba nyingi za Maniema, toka Kasongo hadi Kindu, na toka Kindu kuteremka Lualaba hadi Lokandu, kuna hadithi inayorithishwa kama mali: kwamba babu wa babu yetu hakuwa mtu wa kawaida. Wengine husema alikuwa mtoto wa Tippu Tip. Wengine humtaja Sefu mwana wa Tippu Tip, au Ngongo Lutete, yule mkuu wa vita aliyetisha nchi yote kati ya Lomami na Lualaba. Hadithi hizi husikika hasa kwenye matanga na kwenye mazungumzo ya posa, yaani pale ukoo mmoja unapojipima mbele ya mwingine. Vijana husikiliza, hutikisa kichwa, na aghalabu huwa hawajui wafanye nini nazo. Waamini? Wacheke?

Si hadithi za kuchekwa. Lokandu yenyewe ilikuwa katikati ya mambo hayo. Jina lake katika vitabu vya karne ya kumi na tisa ni Riba-Riba, na ilikuwa mojawapo ya vituo vya wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka pwani ya mashariki. Mwaka 1892, mawakala wa kampuni moja ya Kibelgiji waliopanda mto ili kufungua vituo vyao waliuawa huko Riba-Riba, na kiongozi wao Arthur Hodister akauawa naye akiwa njiani kuelekea huko. Vifo hivyo vilikuwa kati ya cheche za vita vilivyodumu hadi 1894 baina ya Dola Huru ya Kongo na mabwana wa Kiswahili na Kiarabu. Kwa hiyo mtu wa Lokandu anaposema kwamba wazee wake walijuana na watu wakubwa wa zama zile, hasemi jambo lisilowezekana. Kujuana ni kitu kimoja, lakini, na kuzaliwa naye ni kitu kingine.

Inafaa tuanze na hadithi ya nasaba iliyo mashuhuri kuliko zote katika nchi yetu, kwa sababu aliyeitunga ni Tippu Tip mwenyewe.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndilo jina lake halisi, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, alipokuwa mzee huko Zanzibar. Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyemhimiza, na maandishi hayo yakachapwa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Humo anasimulia jinsi alivyofika Utetera, nchi ya mtawala aliyeitwa Kasongo Rushie. Kabla ya kuonana naye alikuwa amekwisha kusikia habari moja ya zamani: kwamba dada wawili wa Kasongo walitekwa katika vita na mtawala wa Urua wakapelekwa mbali. Mmoja wao aliitwa Kina Daramumba. Tippu Tip aliishika habari hiyo kama mtu aokotaye ufunguo njiani. Akasema kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir, alifika Urua, akampata yule mwanamke, na kwamba mama yake alizaliwa naye. Basi yeye Hamed ni mjukuu wa Kina Daramumba, na Kasongo Rushie ni mjomba wa mama yake.

Mzee Kasongo akakubali. Akampokea kama damu yake, akamwachia utawala. Cameron, msafiri Mwingereza aliyepita Nyangwe mwaka 1874, alimkuta Tippu Tip tayari ni mwenye nguvu katika nchi hiyo. Na katika kitabu hichohicho, Tippu Tip anapoeleza nasaba yake kwa wasomaji wa pwani, mama yake ni binti wa Kiarabu wa ukoo wa Wardi, bila neno lolote juu ya Utetera.

Wengi wakisoma habari hii humwona Tippu Tip kuwa mjanja na Kasongo kuwa mjinga. Mimi sioni hivyo upande wa Kasongo. Mzee yule alikuwa mbele ya mtu mwenye bunduki nyingi. Mgeni mwenye bunduki hana deni kwako, mjukuu analo. Mjukuu hali peke yake, hachomi kijiji cha mjomba wa mama yake, anazika wazee. Kwa kumkubali, Kasongo alijaribu kuyafunga mabavu kwa kamba ya undugu. Kamba hiyo ilishika kiasi gani, historia ya miaka ishirini iliyofuata inaonyesha kwa uchungu. Lakini twaona hapa jambo ambalo kila kijana anayeuliza habari za ukoo wake anapaswa kulikumbuka: katika nchi hii undugu ulikuwa pia lugha ya mapatano. Watu walisema «huyu ni mtoto wetu» walipotaka kumaanisha «tumepatana».

Sasa tugeuze habari hiyo upande wetu. Zama za Tippu Tip, karibu na kila bwana wa Kasongo, Nyangwe au Riba-Riba palikuwa na mamia ya watu walioitwa Waungwana. Wachache sana walitoka pwani. Wengi walikuwa watu wa hapahapa, waliotekwa au kutolewa na wakuu wao wakiwa wadogo, wakakulia katika nyumba ya bwana, wakajifunza Kiswahili, kuvaa kanzu, kushika bunduki. Nao walijiita watoto wa bwana yule, na watu wa nje wakawaita hivyo. Hakuna aliyedanganya. Ndivyo ilivyosemwa. Ila baada ya vizazi viwili au vitatu, «mtoto wa Tippu Tip» aliyekuwa mtu wa nyumba yake akawa «mwana wa Tippu Tip» aliyezaliwa naye. Neno halikubadilika hata herufi moja. Maana yake ndiyo iliyohama.

Majina nayo hutupoteza. Ramazani, Amisi, Salumu, Sumaili, Asumani: haya ni majina ya Maniema nzima, na daftari za ubatizo za parokia zetu zimejaa akina Yosefu Ramazani na Maria Salumu. Jina la aina hiyo laonyesha kwamba wazee waliishi katika dunia ya Waungwana au jirani nayo. Halionyeshi damu ya mtu yeyote. Tena mwaka 1972 Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, jambo lililomfanya Kardinali Malula ampinge na kulazimika kukaa Roma kwa muda, kila mtu alitakiwa kutafuta jina la wahenga. Wapo waliochukua jina la babu yao kweli, na wapo waliochukua jina la mhenga waliyempenda. Leo, baada ya zaidi ya miaka hamsini, mjukuu huliona jina lile kwenye kitambulisho cha zamani na kulihesabu kuwa ushahidi.

Na tarehe zisaidie. Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890, hakurudi tena, akafa Zanzibar mwaka 1905. Sefu aliuawa vitani mwaka 1893, mwaka uleule Nyangwe ilipotekwa mwezi wa Machi na Kasongo mwezi wa Aprili. Ukoo unaosema kwamba babu aliyezaliwa mwaka 1910 alikuwa mwana wa Tippu Tip wa kumzaa umeruka kizazi kimoja au viwili mahali fulani. Pengine hapo paliporukwa ndipo penye habari yenyewe.

Hesabu nyingine ni ya kushangaza zaidi. Kijana wa miaka kumi na minane ana wazazi wawili, babu na bibi wanne, kisha wanane, kumi na sita, thelathini na wawili, sitini na wanne. Watu waliokuwa wazima Tippu Tip alipokuwa na nguvu wako katika ngazi ya tano au ya sita. Tuseme basi hadithi ya nyumbani ni ya kweli kabisa: mmoja kati ya wale sitini na wanne ni Tippu Tip. Je, sitini na watatu wengine ni akina nani? Mvuvi wa Kigenya aliyeyajua maporomoko? Msongola wa msituni? Mpagazi aliyebeba pembe hadi Ujiji? Lokandu ilikuja kuwa na kambi ya mafunzo ya Force Publique, na askari waliletwa kutoka pande nyingi za koloni. Wangapi waliacha watoto hapa?

Na kati ya sitini na wanne hao nusu ni wanawake. Hapa hadithi za ukoo hunyamaza kabisa. Aliyezaa na bwana wa Riba-Riba, kama alizaa naye, kwa kawaida alikuwa suria: msichana aliyetolewa kijijini kwake kwa nguvu. Katika sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru na hurithi pamoja na ndugu zake wa mke wa ndoa. Kwa hiyo mtoto alichukua heshima ya baba, na mama akafunikwa. Bwana tunamtaja kwa jina hadi leo. Mama, ambaye kijiji chake pengine kiko mwendo wa siku mbili kutoka hapa, tumemsahau kwa makusudi, kwa kuwa kumtaja ni kutaja utumwa. Mathayo alipoandika nasaba ya Bwana wetu hakufanya hivyo: Tamari, Rahabu na Ruthu wamo, pamoja na mke wa Uria, ingawa kila mmoja angeweza kuachwa ili orodha iwe safi.

Habari ya Ngongo Lutete ina funzo lake. Alitekwa akiwa mdogo, akainuka katika utumishi wa Tippu Tip hadi akawa na jeshi lake mwenyewe, kisha akahamia upande wa Dola Huru. Maofisa wa Dola hiyo wakamhukumu kwa haraka na kumpiga risasi huko Ngandu tarehe 15 Septemba 1893. Miaka miwili baadaye askari waliokuwa wake waliasi Luluabourg. Wabelgiji wakawaita wote Batetela, ijapokuwa walikuwa mchanganyiko wa makabila. Wasongye humdai Ngongo kuwa wao, Watetela vilevile. Mtoto aliyetekwa hana wa kumsemea alikotoka. Akishakuwa mkubwa, wanaomdai huwa wengi.

Madai ya namna hii yana uzito hata leo. Utawala wa Kibelgiji, kwa amri za 1910 na 1933, ulipanga nchi katika machifu na sekta, na maofisa wakazunguka wakiwauliza wazee nani ni mzawa wa nani. Aliyejua kueleza nasaba ndefu alipata kofia na medali. Aliyenyamaza alipata chifu. Nasaba zilizoandikwa siku zile bado hutolewa katika magomvi ya utemi na ardhi, nazo husomwa kana kwamba ziliandikwa na malaika, wala si na ofisa mwenye haraka na mkalimani mwenye shemeji zake.

Kijana atakayetaka kuujua ukoo wake aanze na wazee walio hai, na kati yao aanze na wanawake, maana bibi hukumbuka nani aliletwa nyumbani kutoka wapi. Asiulize kwanza «tunatoka kwa mkubwa gani?», kwani swali hilo hujibiwa kabla halijaisha. Aulize mama wa babu alizikwa wapi, alisema lugha gani alipokasirika, ndugu zake walikuwa wakija kumtembelea au la. Kisha aende parokiani aombe kuonyeshwa daftari za ubatizo na ndoa: humo mna majina ya baba na mama, kijiji, na msimamizi wa ubatizo. Katika daftari lake aandike kila habari pamoja na jina la aliyeitoa na tarehe, na habari mbili zikipingana aziandike zote mbili.