Gimbi na Safari Zake

Wasikilizaji wetu, mkishuka bondeni penye kijito, au mkizunguka nyuma ya nyumba mahali yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, huenda mkaona mmea wenye majani mapana yaliyoinama kama masikio ya ndovu. Katika nchi za Ulaya na Marekani wapandao maua huuita kwa jina hilo hilo, masikio ya ndovu, nao huupanda kwa ajili ya uzuri wa majani yake tu. Sisi twaujua zaidi kwa kiazi chake. Wengine wetu twakiita gimbi, wengine jimbi; Wakikuyu hukiita nduma, Waganda mayuni, na watu wa Rwanda na Burundi amateke.

Wako watu wanaolidharau gimbi. Husema ni chakula cha wazee, au chakula cha siku za njaa. Leo twataka kuonyesha kwamba mmea huu mnyenyekevu una historia ndefu kuliko falme zote zinazosomwa katika vitabu vya shule, na kwamba historia hiyo haikutengenezwa na wafalme wala majemadari, bali na mikono ya wakulima ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kwanza yatupasa kufahamu jambo moja, kwa maana ndilo ufunguo wa habari yote. Mahindi hupandwa kwa punje, na maharagwe vivyo hivyo. Gimbi sivyo. Shambani hutoa maua kwa nadra, na mbegu kwa nadra zaidi. Mkulima hukata kichwa cha gimbi pamoja na kipande cha vikonyo vyake, au hung'oa watoto wanaochipuka kando ya mama yao, akawatia katika udongo mwingine. Basi fikirini maana yake. Gimbi lililo katika bustani yenu ni kipande cha gimbi lililotangulia, na hilo nalo lilikuwa kipande cha jingine, vivyo hivyo kurudi nyuma vizazi visivyohesabika. Hakuna ndege aliyelivusha bahari tumboni mwake, wala upepo uliolipeperusha mpaka milimani kwetu. Katika kila kizazi alikuwako mtu aliyeinama, akachagua mtoto mzuri, akampanda tena. Kama mtu mmoja tu katika mnyororo huo angalichoka, mnyororo ungalikatika.

Je, twayajuaje mambo ya watu wasioandika? Tunao mashahidi. Shahidi wa kwanza ni mawe. Katika pango moja la kisiwa cha Buka, upande wa mashariki wa New Guinea, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta zana za mawe zenye umri wa miaka 28,000 hivi, na juu yake mabaki madogo ya wanga wa gimbi. Hata zamani hizo, basi, watu walikuwa wakilikata na kulila. Tena katika nyanda za juu za Papua New Guinea liko bonde la maji liitwalo Kuk. Huko wanga wa gimbi ulionekana juu ya mawe ya miaka 10,000 hivi. Watu wa bonde hilo walianza kuinua matuta ya kupandia miaka 7,000 hivi iliyopita, na baadaye, yapata miaka 4,000 iliyopita, walichimba mifereji ya kuongoza maji. Mwaka 2008 bonde la Kuk liliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watu wa Kuk hawakujenga mahekalu wala ngome. Waliheshimiwa kwa sababu ya matuta na mifereji ya shamba.

Shahidi wa pili ni majina. Mabaharia waliotoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki walichukua gimbi katika ngalawa zao mpaka katikati ya Bahari ya Pasifiki. Mpaka leo watu wa Samoa huliita talo, Wamaori wa New Zealand huliita taro, na watu wa Hawaii huliita kalo. Jina ni lile lile, ijapokuwa visiwa hivyo vimetengwa na maelfu ya maili ya maji. Upande wa magharibi njia ilikuwa nyingine. Wayunani na Warumi walitumia jina kolokasia, na Waarabu wa Misri wakasema kulkasi, jina wanalolitumia hata sasa. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwenda nchi ya Mali mwaka 1352. Huko alipewa uji wa kiazi kimoja kigeni, naye alipotaka kuwaelezea wasomaji wake, alisema kilifanana na kulkasi. Ni dhahiri kwamba kwa Mwarabu wa siku zake kulkasi ilikuwa kitu cha kawaida sokoni.

Sasa na tuje kwetu. Asili ya gimbi si Afrika. Ni mgeni aliyekaribishwa. Wazee walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa mmea huu neno hilo limetimia kweli kweli. Wataalamu hudhani kwamba liliingia kwa njia zaidi ya moja, na njia moja kubwa ni bahari yetu ya Hindi. Kisiwa cha Bukini, ndicho Madagaska, kilikaliwa na watu ambao baadhi yao walitoka mbali sana mashariki. Mwaka 1951 mtaalamu wa Norwei, Otto Christian Dahl, alionyesha kwamba lugha ya Kimalagasi ni ndugu wa karibu wa lugha moja ya kisiwa cha Borneo. Hata ngalawa za wavuvi wetu, zenye mbao za kando za kuzuia chombo kisipinduke, zafanana na vyombo vya watu wa huko, na wenye kuchunguza mambo ya bahari husema ufundi huo ulitoka kwao. Mwaka 1959 George Peter Murdock, mwalimu wa elimu ya makabila katika Marekani, aliandika kwamba ndizi, viazi vikuu na magimbi viliingia Afrika pamoja kutoka Asia, na kwamba bila mazao hayo watu wasingaliweza kustawi vizuri katika sehemu zenye mvua nyingi na misitu. Wenzake wamebishana naye juu ya njia na nyakati. Lakini kwamba ndizi na gimbi asili yao ni mashariki ya bahari, hilo halina ubishi.

Kutoka pwani na mabonde ya mito, mkono ulipokea kutoka mkono. Gimbi likapanda mpaka Kilimanjaro, likakaa katika vihamba vya Wachaga chini ya kivuli cha migomba na kando ya mifereji yao. Likaingia katika mabonde ya Wakikuyu na katika nchi za Maziwa Makuu. Unguja na Pemba likapata heshima ya pekee: mwezi wa Ramadhani, magimbi yaliyopikwa kwa tui la nazi huwekwa mbele ya waliofunga saa ya kufuturu. Ndivyo mgeni anavyokuwa mwenyeji. Watoto wa leo humwona kana kwamba alikuwako tangu kuumbwa kwa milima.

Yuko na mgeni wa pili afananaye naye, nasi twapenda mwajue wote wawili. Huyu asili yake ni Amerika. Mwaka 1843 Wakristo weusi kutoka visiwa vya West Indies walihamia Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, wakichukua miche ya kwao, na mmea huo ulikuwa mmoja wao. Kumtambua si kazi. Geuzeni jani mtazame nyuma. Katika gimbi la kale kikonyo hushika jani kwa chini, ndani kidogo ya ukingo. Katika lile la Amerika kikonyo hushika ukingoni hasa, pale jani lilipopasuka mara mbili.

Watu wa Hawaii wana hadithi yao juu ya heshima ya mmea huu. Husema kwamba mtoto wa kwanza wa Wakea alizaliwa hana uhai, akazikwa, na pale alipozikwa ikaota kalo. Mtoto wa pili alizaliwa mzima, akaitwa Haloa, naye ndiye babu wa watu. Kwa hiyo kwao gimbi ni kaka mkubwa wa binadamu. Si hadithi ya kuchekea. Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na hati za kumiliki aina tatu za kalo zilizozalishwa na wataalamu wake. Wenyeji wakanung'unika, wakisema hakuna awezaye kummiliki ndugu yake, na mwaka 2006 chuo kiliziacha hati hizo.

Lakini mnyororo wa mikono una hatari yake pia. Kwa kuwa mtoto wa gimbi ni kipande cha mama yake, wote wa aina moja wana nguvu zile zile na udhaifu ule ule. Ugonjwa umwuao mmoja huwaua wote. Watu wa Samoa walijifunza jambo hili kwa uchungu. Gimbi lilikuwa chakula chao cha kila siku na bidhaa yao kubwa ya kuuza ng'ambo, na mashamba mengi yalijaa aina moja tu iliyopendwa na wanunuzi. Mwaka 1993 uliingia ugonjwa wa kuozesha majani. Mabaka yalitokea, yakapanuka wakati wa mvua, na shamba zima likakauka. Hata mwaka 1994 ulipofika, biashara ya ng'ambo ilikuwa karibu kukoma kabisa. Ndipo wataalamu na wakulima walipoungana, wakaleta aina nyingine kutoka visiwa vya Palau na nchi za Asia, wakachanganya maua kwa mikono yao ili wapate mbegu chache zile ambazo gimbi hutoa kwa shida. Ilichukua miaka mingi kabla shamba halijasimama tena. Ugonjwa huo huo ulitokea Nigeria mwaka 2009 na Kameruni mwaka 2010. Afrika imekwisha kubishiwa hodi.

Dawa ya kwanza ya hatari hiyo si kitu cha kununua dukani. Ni kupanda aina nyingi. Zamani bibi alikuwa na gimbi la kikonyo chekundu na la kikonyo cha kijani, la kuiva upesi na la kukaa muda mrefu, la kuchemsha na la kuchoma. Sisi tukichagua moja tu kwa sababu linauzika, na kuacha mengine yafe, tunakata nyororo ambazo hatuwezi kuziunga. Hakuna ghala ya nyumbani iwezayo kuhifadhi gimbi kama punje ndani ya chupa. Hifadhi yake ni kulipanda.

Basi, mwenye bustani afanyeje? Atafute miche kwa jirani ambaye amekula magimbi ya shina lile lile, asiokote tu mmea wowote uitwao masikio ya ndovu, kwa kuwa miongoni mwa jamaa zake iko mimea ya pambo isiyofaa kuliwa. Achague watoto wasio na mabaka wala uozo. Apande mahali penye unyevu, karibu na kijito au pale maji ya nyumbani yanapomwagwa, au chini ya migomba. Gimbi hustahimili kivuli. Aachanishe miche kwa hatua moja ndefu, afunike udongo kwa majani makavu, na kuinulia udongo kadiri mmea unavyokua. Maji yatembee, maji yaliyosimama na kupata joto huozesha mizizi. Baada ya miezi 7 mpaka 12, kwa kadiri ya aina na baridi ya mahali, majani huanza kupungua na kuwa ya manjano. Hapo atachimba, atakula viazi, na kurudisha vichwa na watoto katika udongo.

Tena asile gimbi bichi, wala majani mabichi. Ndani yake mna vijisindano vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyowasha mikono na koo. Kuyapika sana huondoa udhia huo, na mwenye kumenya hujipaka mafuta mikononi.

Kwa wanafunzi, twawapa kazi moja juma hili. Nendeni kwa wazee, mkaulize aina za magimbi walizozijua utotoni, majina yake, na ni nani aliyewapa mche wa kwanza. Andikeni majibu katika madaftari yenu. Kisha tafuteni aina mbili zilizosalia, mkazipande karibu na shule au nyumbani. Husemwa, Usiache mbachao kwa msala upitao. Jina lililoandikwa daftarini bila mche udongoni ni kumbukumbu tu, bali mche ulio udongoni huzaa mwingine, na mkono mwingine utaupokea.