Rubona na Bastola Kuukuu: Historia ya Rangi Juu ya Chuma

Kilomita chache kusini mwa mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, ardhi ya Rwanda huingia katika Ziwa Kivu na kufanya rasi ya Rubona, ambayo leo hujulikana kwa wavuvi wa sambaza, kwa kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1957, na kwa gesi ya methani iliyoanza kuvutwa kutoka kilindini mwaka 1963 ili kupasha moto mitambo ya kiwanda hicho. Kabla ya hayo yote ufukwe huu ulikuwa ukingo wa himaya mbili za kikoloni zilizotazamana kwa uhasama, na maofisa wa pande zote mbili walitembea na bastola mikandani. Historia ya bastola hizo, na hasa ya rangi iliyotiwa juu ya chuma chake, inastahili kuelezwa, kwa sababu rangi ndiyo sehemu ya silaha inayochakaa kwanza, na ndiyo ambayo mafundi wa leo, katika nchi nyingi, huombwa kuirudisha bila mwenye silaha kujua kinachopotea.

Bastola inayohusika hapa ni ile iitwayo rivolva, yaani silaha fupi ya mkono ambayo risasi zake, kwa kawaida sita, hukaa katika silinda inayozunguka nyuma ya mtutu, kila tundu likifika mbele kwa zamu yake. Chuma chake kikiachwa kitupu hushika kutu upesi, na kwa sababu hiyo mafundi wa Ulaya walizoea tangu zamani kuitangulia kutu kwa kuileta wao wenyewe: walikipaka chuma mchanganyiko wenye asidi, wakakiacha kipate kutu nyembamba iliyoenea sawasawa, kisha wakaisugua hadi ikabaki ngozi ya kahawia iliyoshikamana na chuma. Chuma hicho kikichemshwa katika maji safi baada ya kila duru ya kutu, ile kutu nyekundu hugeuka kuwa oksidi nyeusi iitwayo magnetaiti, ambayo ikipata mafuta huonekana buluu iliyokolea, na hapo ndipo ilipotokea desturi ya kusema kwamba silaha imetiwa buluu. Duru za kutu, kuchemsha na kusugua hurudiwa mara nyingi kwa muda wa siku kadhaa, na uzuri wa kazi hutegemea subira ya fundi kuliko ukali wa dawa yake. Vipande vidogo kama skurubu na vifyatulio viliweza kupewa buluu angavu zaidi kwa kutumbukizwa katika chumvi ya nitrati iliyoyeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 300 za Selsiasi. Karne ya 20 ilileta njia ya haraka, ambayo silaha nzima iliyofunguliwa huchemshwa katika soda kali iliyochanganywa na nitrati, kwa joto la nyuzi 135 hadi 150, na kutoka nyeusi katika muda usiofika saa moja. Viwanda viliipenda kwa sababu ya kasi yake, ingawa haifai kwa mitutu iliyounganishwa kwa lehemu laini, kwa kuwa soda huila lehemu hiyo. Kwa njia yoyote ile, safu inayopatikana ni nyembamba mno na haizuii kutu peke yake: kazi yake ni kushika mafuta, na silaha isiyopakwa mafuta huoza hata ikiwa na buluu nzuri.

Watu wa eneo la Kivu hawakuhitaji wageni kuwafundisha thamani ya chuma. Chuma kiliyeyushwa katika nchi za Maziwa Makuu tangu zama ambazo wanaakiolojia wanazihusisha na vyungu vya Urewe, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na katika Rwanda nyundo ya mhunzi ilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Kaburi la mfalme Cyirima Rujugira, aliyetawala katika karne ya 18, lilipochimbuliwa mwaka 1969, vifaa vya uhunzi vya chuma vilikutwa vimewekwa chini ya kichwa chake. Katika Bugoyi, ambalo ni jina la kale la nchi inayozunguka Gisenyi, majembe yalibadilishwa kwa vyakula, mifugo na bangili za nyuzi ziitwazo ubutega, zilizofika kutoka ng'ambo ya ziwa. Kilichokosekana ni bunduki, na ukosefu huo haukutokana na upungufu wa wahunzi. Wafalme wa Rwanda waliwazuia wafanyabiashara wa pwani wasiingie nchini, huku Buganda, Unyamwezi na Manyema zikipokea magobori na baruti kwa wingi.

Wingi huo ulikuwa mkubwa kweli. Kila jeshi la Ulaya lilipobadili bunduki zake, zile za zamani ziliuzwa kwa bei ya chini, nyingi zikafikia Unguja na kusafirishwa bara. Mwaka 1888 Euan-Smith, aliyekuwa konsuli wa Uingereza huko Unguja, alikadiria kuwa silaha zilizopita kisiwani zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotungwa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia uingizaji wa silaha za kisasa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, na Rwanda ilikuwa ndani ya mipaka hiyo. Mataifa yaliyotia saini yaliendelea kuyapa majeshi yao silaha zilezile yaliyowanyima wengine, na ni haki kusema wazi kwamba mkataba huo, pamoja na wema uliotangazwa ndani yake, ulirahisisha uvamizi. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alivuka Rwanda na msafara wenye bunduki, akakutana na mfalme Kigeri Rwabugiri, kisha akafika kwenye Ziwa Kivu. Miaka miwili baadaye, huko Shangi kusini mwa ziwa, kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilichoongozwa na Sandrart kiliwashinda kwa risasi mashujaa wa Rwanda waliokuja na mikuki na pinde, na kamanda wao Bisangwa akauawa.

Kuanzia hapo ziwa likawa mpaka wa kugombaniwa. Wajerumani walikuwa Gisenyi, Wabelgiji wakawa upande wa pili, na makubaliano ya mwaka 1910 ndiyo yaliyoiacha Goma kwa Wabelgiji na Gisenyi kwa Wajerumani, mpaka ukipita baina ya miji hiyo miwili kama unavyopita sasa. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipozuka, Wintgens, aliyeongoza majeshi ya Ujerumani nchini Rwanda, aliteka kisiwa cha Ijwi mnamo Septemba 1914, na mapigano katika eneo la Gisenyi yaliendelea hadi mwaka 1916, Wabelgiji walipovuka na kuingia Kigali mwezi Mei. Kampuni nyingi za askari wa Ujerumani zilikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871, na askari wa Kongo walikuwa na Albini zilizoingiza risasi moja moja. Zote mbili zilitumia baruti nyeusi, ambayo moshi wake ulimfichua mpigaji.

Bastola za mpaka huo zilitoka katika mila mbili za ufundi. Upande wa Ujerumani ilikuwapo rivolva ya jeshi ya mwaka 1879, pamoja na ile fupi zaidi ya mwaka 1883, zenye kipenyo cha milimita 10.6, silaha nzito na imara ambazo nyingi zilitengenezwa katika miji ya Suhl na Erfurt, na ambazo baada ya jeshi kupokea bastola mpya mwaka 1908 zilisukumwa kwenye vikosi vya akiba na makoloni. Upande wa Ubelgiji ilikuwapo rivolva ya milimita 9 ya mwaka 1878, kazi ya ndugu Émile na Léon Nagant wa Liège, mji ambao mafundi wake wa silaha walikuwa mashuhuri karne kadhaa kabla ya Ubelgiji yenyewe kuwa dola.

Silaha hizo zilichakaa kwa namna inayoweza kusomeka. Masalia ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na fataki za wakati huo, yaani vidonge vidogo vya kuwashia risasi, ziliacha chumvi iliyokula mtutu na uso wa silinda ikiwa silaha haikuoshwa kwa maji na kupakwa mafuta siku ileile. Mfuko wa ngozi ulishika unyevu wa mvua za Kivu na asidi zilizobaki baada ya ngozi kutengenezwa, ukaacha madoa ya vijishimo ubavuni. Kuingiza na kutoa kuliondoa buluu mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo za silinda, na jasho la mkono likaimaliza mpinini. Kwa hiyo bastola iliyong'aa kwenye kingo tu ilivaliwa sana, iliyochimbika uso wa silinda ilipigwa sana na kusafishwa kidogo, na iliyooza upande mmoja ililala mahali penye unyevu.

Fundi anayeombwa kuifanya upya huifungua kipande kwa kipande, huondoa buluu iliyobaki kwa asidi hafifu, husawazisha vijishimo kwa tupa na misasa iliyopangwa kutoka mikali hadi laini, kisha ndipo hutia buluu. Hatari iko katika kusawazisha, wala haiko katika rangi. Kijishimo hakijazwi, chuma kinachokizunguka ndicho kinachoshushwa hadi kilingane nacho, na mkono usio na ustadi huviringisha kingo zilizokuwa kali, hupanua midomo ya matundu ya skurubu, na hufuta alama zilizogongwa. Hasara ya alama hizo haina fidia. Silaha za Liège zilipimwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na zilizostahimili ziligongwa herufi ELG ndani ya duara la yai. Kuanzia mwaka 1893 taji liliongezwa juu yake, kiasi kwamba mstari wa milimita chache unatosha kutenganisha bastola iliyotoka kiwandani kabla ya mwaka huo na ile iliyofuata. Jeshi la Ujerumani nalo lilikuwa na desturi ya kugonga alama za kikosi kwenye rivolva zake, na pale zilipobaki, mtafiti huweza kujua silaha ilitoka kwa nani. Msasa wa dakika kumi huondoa ushahidi ambao hakuna hifadhi ya nyaraka inayoweza kuurudisha.

Kwa silaha isiyo na historia, inayotumiwa kwa leseni na iliyovuliwa buluu na matumizi tu, kutiwa upya na fundi mwenye kibali ni matunzo halali. Kwa silaha ya zama za Shangi na Ijwi hukumu ni kinyume: kutu hai isimamishwe, mafuta au nta ipakwe, silaha iwekwe pakavu, na kila alama iachwe ilivyo. Kazi ya namna hiyo huweza kutenduliwa na wahifadhi wajao, ilhali chuma kilichokatwa hakirudi.

Katika Rubavu jambo hili lina uzito mwingine, kwa sababu Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Gisenyi kwenda Goma kwa siku chache, na mpakani zilikusanywa silaha marundo kwa marundo kutoka kwa jeshi lililoshindwa, baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo Rwanda ni mwanachama wake, inazitaka serikali za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuhakikisha kila silaha ina alama na kumbukumbu ili iweze kufuatiliwa, na mahali palipopita hayo yote fundi anayefuta namba huwaharibia kazi polisi na wanahistoria kwa mkupuo mmoja. Anayekuta bastola ya babu katika sanduku asiifungue, asiisugue wala asiipeleke kwa fundi. Aiache ilipo, awaarifu polisi, na aombe kwamba, kabla haijateketezwa, mtaalamu wa makumbusho aione na kuziandika alama zake.